Msamaha wa Familia Thelathini na Moja

Adina Ediger alikuwa na kiburi kimoja tu ambacho hakuwahi kukitubu kanisani: kazi ya mikono yake haikuwa na kosa. Miaka thelathini na minne alipiga chapa barua za ofisi ya shule, na alipostaafu akawa karani wa kanisa la Eichenau, mji wa watu mia saba katikati ya mashamba ya ngano ya Kansas. Kwa hiyo mpelelezi wa jimbo alipoweka karatasi juu ya meza ya jikoni kwake na kuuliza nani aliyeiandika, Adina alijibu haraka, kama mtu anayengoja sifa.

"Mimi. Kuna kosa?"

"Imeandikwa vizuri sana, mama," alisema mpelelezi. "Shida ni kwamba karatasi yenyewe ni uhalifu."

Mpelelezi huyo aliitwa Marisol Trejo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa watu wa viwanda vya nyama vya magharibi mwa jimbo, na alifanya kazi katika ofisi inayosimamia uuzaji wa hisa. Alikuja asubuhi, akakaribishwa kahawa, akala mikate midogo miwili na kuanza wa tatu, ile ya Jumamosi inayookwa mmoja juu ya mwenzake. Adina alikuwa ameshampenda. Sasa aliutazama mkate wa tatu kwa majuto.

"Uhalifu gani? Hiyo ni karatasi ya msamaha!"

"Ndiyo, nimekisoma kichwa chake. Hebu nisimulie ilivyokuwa."

Basi Adina akasimulia, na mimi nitafupisha, maana Adina akianza jambo huanza tangu babu zake walipopanda meli.

Orlin Ediger ni mdogo wake. Mama yao alifariki Orlin akiwa na miaka sita na Adina kumi na mitano, kwa hiyo Adina ndiye aliyemvalisha, akamlisha, akamchapa, akampeleka shule. Hakuolewa. Watu walisema hakupata nafasi, na yeye alisema hakupata mtu. Orlin alikua mtu wa mikono mizuri na maneno machache, na alipofika miaka hamsini na minne akapata wazo: kile kinu cha unga cha Eichenau, kilichofungwa miaka mingi, kwa nini kisifufuliwe? Ngano ni yao, vumbi ni lao, jasho ni lao, halafu faida iende kwa nani?

Benki ilimtazama, ikakitazama kinu, ikacheka kwa adabu. Orlin akawaendea watu wake. Kila Jumapili baada ya ibada alishika mkono wa mtu mmoja, wakaenda kusimama pembeni kwenye magari, wakazungumza. Familia thelathini na moja zilitoa, na zote pamoja zilitoa dola laki sita na zaidi. Kila familia ilipewa karatasi yenye ahadi ya riba ya asilimia kumi kwa mwaka, na saini ya Orlin chini.

Sheria ya Kansas inasema kwamba anayetaka kuuza karatasi za namna hiyo aziandikishe kwanza kwenye jimbo, na amweleze mnunuzi mambo yote, matamu na machungu. Hakuna hata mmoja pale Eichenau aliyeuliza kama hilo limefanyika. Watu hawa, Mungu awape maisha marefu, wana tabia moja: kumwomba ndugu wa kanisa akuonyeshe vitabu vyake ni sawa na kumwita mwongo mbele ya mkewe. Mkono ukishapeanwa, mambo yamekwisha. Huko kwao mtu akinunua ng'ombe wa jirani hamfungui mdomo kuhesabu meno.

Miaka miwili ilikwenda vizuri. Wa tatu ukaja ukame, na kampuni ya mikate ya mjini iliyokuwa ikinunua karibu unga wote ikavunja mkataba. Mwaka ule ule Orlin alipaswa kusimama aseme, jamani, tumekwama. Hakusema. Alikwenda kwa Mzee Reuben Stucky, mwenye miaka themanini, aliyekuwa ametoka kuuza ng'ombe wake wote, akachukua kwake dola elfu sitini. Halafu akaja jikoni kwa dada yake, akachukua elfu arobaini. Akiba ya uzeeni yote. Zilikuwa za mashine ya kufungasha, alisema.

Miezi saba baadaye kinu kikanyamaza.

"Mkafanya nini?" Marisol aliuliza.

"Tulifanya walivyofanya baba zetu. Ndugu yako akikukosea, mwendee peke yako. Asiposikia, nenda na wawili. Asiposikia, liambie kanisa. Mahakamani hatwendi. Mchungaji Regier alimsimamisha mbele, na Orlin akasema, 'Nimekosea, naomba mnisamehe.'"

"Halafu?"

"Halafu tukasimama wote. Ndiyo kusamehe kwenyewe."

"Alieleza alichokosea?"

Adina alikusanya makombo ya mikate mezani. "Alisema amekosea," alirudia.

Na hapo, kwa uzuri wa moyo wake, Adina ndiye aliyetoa shauri. Msamaha wa mdomo ni mzuri, lakini Orlin anadaiwa na watu thelathini na mmoja, na karatasi zile zitamlalia shingoni maisha yake yote. Je, kila mmoja akirudisha karatasi yake ya zamani, Orlin akampa badala yake hisa katika kampuni mpya ya kinu kile kile, bila riba, zilipwe siku Mungu atakayobariki? Wote wakasema amina. Adina akaiandika karatasi kwa mkono wake, akaipiga chapa mara thelathini na moja, na Jumapili iliyofuata wakashuka chumba cha chini cha kanisa, wakanywa supu ya kabichi, wakapanga foleni kutia saini. Adina alilia kwa furaha siku ile. Katika maisha yake hakuwahi kuona kitu kizuri zaidi.

Marisol aliweka kikombe chini polepole.

"Mama, nisikilize. Mlimpa karatasi za thamani, akawapa hisa. Kwa sheria, hayo ni mauzo. Mauzo thelathini na moja, alasiri moja, hakuna hata hisa moja iliyoandikishwa, na hakuna aliyeambiwa kinu kinadaiwa kiasi gani na nani mwingine. Nilipokuja huku nilikuwa na makosa manne ya kumshtaki nayo. Sasa nina thelathini na matano."

"Lakini tulikuwa tunamsamehe!"

"Najua. Mlimsamehe kwa kununua tena."

Adina aliisogeza karatasi mbali naye. Karatasi ile aliyoiona kama kamba ya kumtoa mdogo wake kisimani, kumbe ndiyo iliyomfunga.

"Basi nifungeni mimi. Mimi ndiye niliyeandika."

"Wewe uliandika, hukuuza. Na wewe umeibiwa. Sina shida na wewe."

"Na sisi tukisema hatumshtaki? Thelathini na moja wote?"

"Mshtaki si nyinyi, mama. Ni Jimbo la Kansas. Sheria hii imetungwa hapa hapa, zaidi ya miaka mia iliyopita, kabla ya jimbo lingine lolote. Unajua kwa nini? Kwa sababu wakulima wa ngano kama nyinyi walikuwa wanauziwa mbuzi kwenye gunia kila wiki, na walikuwa wanaona aibu kusema."

"Atafungwa?"

Marisol hakumdanganya. "Hasara ikiwa kubwa namna hii, sheria inamwambia jaji aanzie gerezani. Miaka mitatu na ushei. Akitaka kumwacha nje, lazima atoe sababu nzito, na aiseme hadharani."

Miaka mitatu. Orlin alikuwa na miaka hamsini na tisa na moyo unaoruka ruka. Adina alimsindikiza mgeni mpaka mlangoni bila kumfungia mikate ya njiani, na kwa mwanamke wa Eichenau hilo ni tusi kubwa.

Alasiri hiyo alikwenda kwenye karakana ya Orlin. Tangu kinu kifungwe, Orlin alitengeneza matrekta ya majirani, na majirani walimlipa vizuri na kumshukuru sana. Walimshukuru mno, tena. Adina alimkuta amelala chini ya trekta, miguu tu ikionekana.

"Orlin."

"Dada."

"Amekuja yule binti wa jimbo."

"Najua. Wakili amesema nisizungumze na mtu."

"Mimi ni mtu?"

Miguu ikajivuta ndani kidogo. Adina alisimama pale na mkoba wake mkononi. Alikuwa na swali moja. Amelibeba mwaka mzima kama kijiwe ndani ya kiatu: siku ile ulipokaa jikoni kwangu ukala verenika zangu za unga na jibini, ukachukua hela yangu, ulikuwa umeshajua kwamba kampuni ya mikate imejitoa? Swali la neno moja, ndiyo au hapana. Lakini alikuwa ameshamsamehe. Alisimama kanisani mbele ya watu. Na pale Eichenau, aliyesamehe halafu akauliza ni kama aliyezika maiti halafu akarudi na jembe.

"Umekula?" aliuliza badala yake.

"Nimekula."

"Haya."

Si yeye peke yake aliyekuwa hivyo. Jumapili baada ya Jumapili Adina alimtazama Mzee Reuben akikutana na Orlin pale ukumbini. Zamani wawili hao walikuwa wakitaniana mpaka mchungaji akohoe. Sasa ilikuwa hivi:

"Mvua vipi, Ndugu Orlin?"

"Iko njiani, mzee."

"Haya, tunashukuru."

Kisha kila mmoja anatazama viatu vyake. Mwaka mzima, mvua! Kama wangehesabu mvua waliyoizungumza, mji ungegharikishwa.

Majira ya baridi yakapita. Mwendesha mashtaka na wakili wakavutana, wakapatana: Orlin akiri makosa matatu, mengine yafutwe. Siku ya kukiri, wakili alisoma maelezo marefu kwa sauti ya mtu anayesoma masharti ya dawa, na kila aliposimama Orlin alisema, "Ndiyo, Mheshimiwa." Alisema mara tisa, Adina alihesabu, akatoka pale akijua alichokuwa akijua wakati anaingia. Hukumu ikapangwa katikati ya Aprili. Upande wa jimbo ungeomba gereza, na wakili angeomba kifungo cha nje.

Wazee wa kanisa wakakutana. Waandike barua kwa jaji, watie saini wote, wamwombee Orlin rehema. Nani ataandika? Macho yote yakamgeukia Adina.

Aliketi mezani kwake Jumanne asubuhi. Barua ilimtiririka vizuri. Orlin ni mtu wa kazi, sawa. Orlin hana kesi nyingine, sawa. Orlin alijenga paa la nyumba ya mjane Goertz bila malipo, kweli kabisa. Kisha akafika kwenye sentensi ambayo wazee walimpa neno kwa neno: *Ndugu yetu amekwisha kutubu na sisi tumekwisha kumsamehe.* Akaipiga chapa. Akaiangalia. Akasimama, akaosha vyombo visivyokuwa vichafu, akarudi, sentensi bado ilikuwa pale inamtazama.

Akachukua simu.

"Binti yangu, ni Adina wa Eichenau. Jaji akisoma barua yetu, atamwacha nje?"

Marisol akauliza: "Nikwambie ukweli au nikwambie vizuri?"

"Vizuri nimeshaambiwa na wazee."

"Majaji wanaona barua hizo kila wiki. Kila tapeli ana kanisa, mama. Wengine wana makanisa mawili." Adina alivuta pumzi, Marisol akalainisha sauti. "Samahani. Najua ni ndugu yako. Jaji atataka kujua kitu kimoja tu: huyu mtu anajua alichowafanyia watu? Akiamini anajua, anaweza kupata sababu. Mimi nimemsoma Orlin kwenye makaratasi mwaka mzima, na sijui. Wewe uliyemlea unajua?"

Adina alitamani kusema najua. Lakini alikuwa mtu asiyeandika asichokuwa na hakika nacho, sembuse kusema.

Siku ya hukumu walikuja na magari kumi na manne. Chumba cha mahakama kilijaa watu wa Eichenau waliovaa nguo za Jumapili siku ya Alhamisi. Marisol alikaa nyuma ya mwendesha mashtaka. Orlin alikaa mbele, koti limempwaya, shingo imekuwa nyembamba. Adina aliitazama shingo ile, akaikumbuka ilipokuwa ya mtoto aliyekataa kuoga, na moyo ukamuuma kweli kweli.

Jaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi zilizokatwa, jina lake Whitcomb. Alisikiliza upande wa jimbo, akasikiliza wakili, kisha akauliza kama kuna aliyepata hasara anayetaka kusema neno.

Adina alikwenda mbele na barua yenye saini za familia thelathini na moja. Alisoma kwa sauti safi: mtu wa kazi, hana kesi nyingine, paa la mjane Goertz. Alipofika kwenye sentensi ile, akanyamaza. Mchungaji Regier alidhani miwani imeshuka.

"Mheshimiwa," Adina alisema, "mstari unaofuata nimeombwa niusome, lakini sijui kama ni kweli."

Kanisa zima likajikunja kwenye mabenchi.

"Endelea," alisema jaji.

"Unasema ametubu na tumemsamehe. Mimi nilisimama kumsamehe, na ile karatasi niliandika mimi. Lakini nilisamehe kitu nisichokijua. Nina swali moja nataka kumuuliza ndugu yangu. Nilipaswa kumuuliza jikoni kwangu. Nikaona haya."

Wakili wa Orlin alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, napinga."

"Hapa maswali nauliza mimi, mama," jaji alisema, si kwa ukali. "Ni swali gani?"

"Siku aliyochukua hela yangu, alikuwa anajua tayari kwamba mnunuzi wa mjini amejitoa?"

Jaji alimgeukia Orlin. "Bwana Ediger, hulazimiki kulijibu. Wakili wako atakushauri usilijibu, na kwa kazi yake yuko sahihi. Unachosema hapa nitakitumia kukuhukumu."

Wakili alimshika Orlin mkono wa koti, akamnong'oneza. Hata asiyejua sheria alielewa: akisema ndiyo, amejiongezea uzito mwenyewe mbele ya anayeshika mizani. Adina naye alilielewa, akaingiwa na baridi. Nimefanya nini? Mara ya kwanza nimemfunga kwa karatasi, leo namfunga kwa mdomo. Alitaka kusema basi, niache, nimefuta swali. Orlin akamtangulia.

Orlin akautoa mkono wa wakili taratibu. Akasimama.

"Nilijua, dada."

Wakili akafunga macho.

"Barua ya kampuni ilikuja Jumatatu. Kwako nilikuja Alhamisi. Ilikuwa mfukoni mwangu wakati nakula. Mashine ya kufungasha haikuwepo, niliitunga njiani." Aliacha kumtazama jaji. Aligeuka kabisa, akawatazama watu. "Mzee Reuben, hela ya ng'ombe wako haikugusa kinu hata siku moja. Nililipa riba za wengine Krismasi ile, ili wasiulize. Wengine wenu mlinishukuru. Mlikuwa mnashukuru kwa hela ya Reuben."

"Bwana Ediger," wakili alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita paka kutoka juu ya mti.

"Na ile siku kanisani. Niliposema nimekosea." Alishika ukingo wa meza. "Nilisema vile ili nisiulizwe. Nilijua mkishasimama hamtauliza tena. Nawajua, mimi ni wenu. Mkasimama, nikaenda nyumbani, nikadhani nimepona. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kila mtu ananiuliza mvua."

Akaketi. Adina alirudi kwenye benchi lake. Kilichomjaa hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, hasira mbichi, ya kwanza tangu kinu kinyamaze. Barua mfukoni! Na verenika alikula sahani mbili!

Jaji Whitcomb aliandika kitu, akakata, akaandika tena. Kisha akasema. Miezi thelathini na minane gerezani, hiyo ndiyo adhabu, na ataining'iniza juu ya kichwa cha Orlin Ediger kwa miaka mitano. Akivunja sharti moja, inamshukia. Asipovunja, ataitumikia nje. Kila mwezi atalipa fidia, mpaka senti ya mwisho au pumzi ya mwisho. Hatauza tena hisa wala karatasi ya ahadi kwa mtu yeyote maishani mwake. Na siku sitini atalala jela ya kaunti, kuanzia leo saa kumi jioni.

"Sheria inanidai sababu," alisema, "nami naitoa. Barua yenu nimeisikia, na kusema kweli haikunisaidia. Mtu huyu amekuwa akihurumiwa na watu wasiojua wanahurumia nini. Leo amesema kitu ambacho kilikuwa kinamuumiza kukisema, na amekisema akijua bei yake. Ningempeleka gerezani, angekaa miaka mitatu bila kuwatazama machoni. Namrudisha kwenu. Usidhani nimekupunguzia, Bwana Ediger."

"Hapana, Mheshimiwa," Orlin alisema.

Nje, kwenye korido, watu wa Eichenau walisimama makundi makundi wakitazama sakafu. Orlin alitoka na wakili. Mchungaji Regier alikuwa akijiandaa kusema neno la faraja, maskini, alikuwa ameshashika mikono yake kifuani, pale Mzee Reuben Stucky alipompita na fimbo yake, akaenda kusimama uso kwa uso na Orlin.

"Mwongo mkubwa wewe!"

Sauti iligonga ukuta wa mwisho ikarudi. Reuben hajulikani kwa kupaza sauti. Hata ng'ombe aliwafukuza kwa kunong'ona.

"Mwaka mzima nakusalimia! Mwaka mzima nakuuliza mvua! Moyo unawaka moto, mdomo unauliza mvua! Ng'ombe wale niliwalea toka ndama, mjinga wewe! Kila mmoja nilimpa jina!"

"Najua, mzee."

"Hujui! Nyamaza, naongea!" Na akaongea. Alisema yote, kwa Kiingereza na kwa kile Kijerumani cha bibi zao ambacho kina matusi mazuri zaidi, machozi yakimshuka mpaka kwenye kola, na Orlin akasimama akayapokea yote bila kuinamisha kichwa. Wazee wa kanisa hawakujua waangalie wapi. Marisol Trejo, aliyekuwa akipita na mafaili yake, alisimama akaegemea ukuta.

Mwishowe Reuben akaishiwa pumzi. Akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Unatoka lini huko?"

"Siku sitini, mzee."

Reuben alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Katikati ya Juni. Ngano yangu itakuwa imekauka, na mwanangu mgongo wake mbovu. Mashine ya kuvunia haina dereva."

Orlin akamsogelea.

"Nitakulipa kama ninavyolipa watu wengine," Reuben aliendelea kwa ukali, "na nusu unanirudishia hapo hapo, kabla hujaitia mfukoni. Mfuko wako siuamini. Na kila jioni nitakuangalia usoni, na siku nikitaka kukutukana nitakutukana. Unakuja au huji?"

"Nakuja," Orlin alisema, kwa shida.

"Basi," alisema Reuben, akaenda kutafuta mahali pa kukaa.

Ilikuwa saa nane na nusu. Jela iko maili kumi na mbili. Adina alisema atampeleka mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kujitolea badala yake. Wakaingia kwenye gari, Orlin akafunga mkanda kama mtoto mtiifu, na kabla hawajatoka kwenye maegesho Adina akaanza.

Alianza na barua ya mfukoni. Akaenda kwenye verenika, sahani mbili, na krimu juu yake. Akaenda kwenye akiba yake, miaka thelathini na minne ya kupiga chapa barua za watu wengine, na mabega yanayomuuma mpaka leo. Akamwambia jinsi alivyoghairi kutengeneza paa na jinsi alivyomwambia kila mtu kwamba halivuji. Akarudi nyuma mpaka alipomfundisha akiwa na miaka saba kwamba mwongo hata akisema ukweli haaminiwi. Orlin hakujitetea. Mara mbili alisema, "Ndiyo, dada," na mara moja alilia, na Adina hakumbembeleza. Mashamba yalipita pande zote mbili, ngano ya kijani ikiwa imefika magotini, wala hawakuiona.

Walipofika mbele ya jela hakuwa amemaliza. Akazima gari, akaendelea, mpaka ikabaki dakika tano kufika saa kumi. Ndipo alipopumzika, akashangaa kujikuta mwepesi. Orlin alikuwa amekaa na mkono juu ya kitasa cha mlango.

"Dada," aliuliza, "umenisamehe?"

Mwaka uliopita alisimama na kanisa zima kwa swali hilo hilo, akajibu kabla halijaisha. Sasa aliangalia mbele, akalifikiria.

"Siku za kutembelea ni lini?"

"Jumamosi, nadhani."

"Nitakuja. Bado nina maneno mengi," Adina alisema, akamrekebishia kola ya koti. "Kukusamehe, leo ndiyo kwanza nimeanza."